Huzuni na Hofu za Mwanamke: Anapochelewa Kupata Mtoto, Anapokuwa na Mimba na Baada ya Kujifungua

Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika nyumba zetu za Unguja na Pemba, mzazi anapokuwa ndani ya arubaini hutembelewa na watu wengi. Wageni huingia, humtazama mtoto na kuuliza: Ananyonya? Analala? Kitovu kimeanguka? Ni wachache wanaomgeukia mama na kumuuliza: Na wewe, unalala? Moyo wako ukoje? Makala hii inahusu swali hilo lisiloulizwa. Tumeiandika kwa ajili ya wanawake wenyewe, na zaidi kwa ajili ya waume, mama zetu na mavyaa zetu, kwani mara nyingi wao ndio wenye uwezo wa kumpeleka mgonjwa hospitali au kumzuia.

Mafunzo kutoka kwa Maryam ('alayhas-salaam)

Katika Suratu Maryam, kuanzia Aayah ya 23, Allaah Anatusimulia habari ya mwanamke bora katika wanawake wa ulimwengu akiwa na uchungu wa kuzaa. Yuko peke yake chini ya mtende, na katika dhiki ile alitamani lau angekufa kabla ya jambo hilo na akawa kitu kilichosahauliwa. Wafasiri wameeleza kuwa alichelea fitna na maneno ya watu.

Tutazame alivyojibiwa. Hakukemewa wala hakuambiwa kuwa imani yake ni dhaifu. Aliambiwa asihuzunike. Akaonyeshwa maji chini yake, akaelekezwa kwenye tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na atulize moyo. Kisha akapewa njia ya kujiepusha na maswali ya watu: asiseme na mtu siku ile. Alipewa maneno ya faraja, chakula, maji, utulivu na kinga ya ndimi za watu. Hayo ndiyo mambo ambayo mwanamke mwenye dhiki anayahitaji leo kutoka kwa watu wa nyumbani kwake.

Na katika Suratul-Qaswas tunasoma kuhusu mama yake Muwsaa ('alayhis-salaam), ambaye moyo wake ulikuwa mtupu kwa hofu juu ya mtoto wake mchanga hadi alikaribia kudhihirisha siri yake, lau Allaah Asingeuimarisha moyo wake. Hawa ni wanawake wema. Hofu na huzuni ziliwafika, na hazikuwatoa katika wema wao.

Tatizo hili ni kubwa kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa, kwa wastani wa dunia nzima, kiasi cha wanawake 10 katika kila wajawazito 100, na 13 katika kila 100 waliojifungua karibuni, hupata maradhi ya akili, na mengi yao ni sonona. Katika nchi zinazoendelea idadi ni kubwa zaidi: kiasi cha 16 katika wajawazito 100 na 20 katika waliojifungua 100. Yaani katika wazazi watano wa mtaa mmoja, huenda mmoja anaumwa na hakuna anayejua.

Sonona ni huzuni nzito inayokaa kwa wiki mbili au zaidi na kumwondolea mtu raha ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Wasiwasi uliopita kiasi ni hofu isiyotulia hata pale ambapo hakuna jambo la kuogopesha. Mara nyingi yote mawili huja pamoja. Kwetu sisi mgonjwa hasemi kuwa ana sonona. Husema moyo unakwenda mbio, roho iko juu, kichwa kinawaka, pumzi hazitoshi, mwili hauna nguvu, fikra zimezidi. Akipimwa malaria hana, akipimwa presha iko sawa, na watu huanza kudhani anajisingizia.

Anapochelewa kupata mtoto

Madaktari husema kuna tatizo la uzazi pale mume na mke wanapokaa pamoja kwa miezi 12 au zaidi bila ya kuzuia mimba na mimba isipatikane. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kuwa mtu mmoja katika kila sita hupitia hali hii katika maisha yake. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mume naye ana sehemu yake. Hata hivyo, katika jamii yetu ni mke anayeulizwa, ni mke anayepelekwa kwa huyu na yule, na ni mke anayeitwa tasa. Kipimo cha mbegu za mume ni chepesi kuliko vipimo vingi vya mke, na ni haki kwamba wote wawili wapimwe tangu mwanzo.

Mwanamke huyu huhesabu siku, na kila hedhi inapokuja huwa kama msiba usio na matanga. Harusini huulizwa, kwenye akika huulizwa, na simu ya wifi nayo inauliza. Baadhi yao huacha kabisa kwenda kwenye mikusanyiko ya watu.

Allaah Ametubainishia katika Suratush-Shuwraa (Aayah 49-50) kuwa Yeye Ndiye Anayempa Amtakaye watoto wa kike, Akampa Amtakaye wa kiume, Akawachanganyia wengine, na Akamjaalia Amtakaye kuwa hazai. Kwa hiyo kutozaa ni katika makadirio Yake, hakumaanishi kuwa mtu ameghadhibikiwa. Nabii Zakariyyaa ('alayhis-salaam) aliomba mtoto hadi uzeeni, wala hakuacha kuwa Nabii mwema katika miaka yote ile ya kusubiri. Na Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) hakuzaa, lakini ni mmoja wa waliopokea Hadiyth nyingi zaidi, zaidi ya elfu mbili.

Lipo jambo katika maisha ya 'Aaishah ambalo linatugusa hasa sisi tunaowaita wanawake kwa majina ya watoto wao. Wenzake walipokuwa na kun-yah, naye alitamani kuwa nayo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamwita Ummu 'Abdillaah, kwa jina la 'Abdullaah mtoto wa dada yake. Hakumwacha ajione hana jina miongoni mwa wanawake. Mume mwenye kutaka kufuata Sunnah aanzie hapo: amlinde mkewe na maneno ya ndugu zake. Ruhusa ya kuoa mke wa pili imewekewa sharti la uadilifu. Kumtishia nayo mke kila mwezi ni kumuudhi, na kumuudhi Muislamu hakujuzu.

Wakati wa mimba

Wengi hudhani kuwa mimba ikishapatikana, hofu imekwisha. Kwa aliyesubiri kwa muda mrefu au aliyewahi kupoteza mimba, mara nyingi hofu huzidi. Huenda chooni kila saa kuangalia damu, huogopa kununua nguo za mtoto, na huamka usiku kusikiliza kama mtoto anacheza. Wengine wana hofu ya kuzaa kwenyewe, kwa sababu ya waliyoyaona katika uzazi uliopita.

Hofu ndogo ni ya kawaida. Inapomnyima usingizi, ikamzuia kula au ikamfanya aache kwenda kliniki, imekuwa maradhi. Mkunga anayeandika presha na uzito kwenye kadi aelezwe na hali ya moyo pia. Kazi yake inamhusu mama mzima. Pia yule anayekuja nyumbani kwa mpango wa Jamii ni Afya kuwatazama wajawazito na watoto wachanga anaweza kuambiwa, naye akaelekeza pa kwenda.

Aliyepoteza mimba au mtoto asiharakishwe kusahau. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alilia alipofariki mwanawe Ibraahiym, akabainisha kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Allaah. Subira haimkatazi mtu kulia. Kumwambia mwanamke siku ya pili ya msiba kuwa atazaa mwengine hakumpunguzii uchungu.

Baada ya kujifungua: hali tatu tofauti

Ya kwanza ni huzuni ya siku za mwanzo. Huwapata wanawake wengi sana, kuanzia siku ya pili au ya tatu hadi ya tano. Mama hulia bila ya sababu, hukasirika haraka, kisha hucheka. Hali hii huondoka yenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. Dawa yake ni usingizi, chakula na watu wapole.

Ya pili ni sonona ya baada ya uzazi. Hii hupita wiki mbili, na inaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, hata arubaini ikiwa imeshapita na wageni wameshaacha kuja. Dalili zake ni hizi:

- Hapati usingizi hata mtoto anapolala.
- Hana hamu ya kula, au anakula bila ya kuhisi ladha.
- Haoni raha kwa mtoto, au anahisi kama si wake.
- Anajilaumu na kujiona si mama mzuri.
- Hofu inamjia ghafla, moyo unadunda na mikono inatetemeka.
- Anajitenga, hazungumzi, hajali mwili wake.
- Anatamani kufa au anasema watu watapumzika akiondoka.

Dalili hiyo ya mwisho haisubiri wiki mbili. Mwanamke anayezungumzia kufa asijibiwe kwa kuambiwa tu kuwa kujiua ni haramu. Mara nyingi hilo analijua, na pengine ndilo linalomzidishia majuto. Aulizwe kwa upole anafikiria nini, asiachwe peke yake, dawa na visu viwekwe mbali, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ya tatu ni maradhi makali ya akili, ambayo huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua. Huanza ghafla, aghalabu ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mama halali kabisa, anazungumza maneno yasiyoungana, anasikia sauti, anaona wasioonekana, au anaamini mtoto amebadilishwa au ana shari. Hii ni dharura sawa na kutokwa na damu nyingi. Anayechelewesha kwa siku tatu akitafuta mganga anaweka roho mbili hatarini. Kwa Unguja, hospitali ya maradhi ya akili ni Kidongo Chekundu. Kwa Pemba, familia ianzie hospitali iliyo karibu nayo, kama vile Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Na kwa matibabu, wengi hupona vizuri.

Mawazo ya kutisha

Wako akina mama wanaojiwa na picha mbaya kichwani: mtoto anaanguka, anazama katika beseni, au mkono wake mwenyewe unamdhuru. Mama huyu huchukizwa na mawazo hayo, huficha visu, hukataa kumwogesha mtoto, na hamwambii mtu kwa kuchelea kuonekana muuaji. Ajue kuwa mawazo ya namna hii hutokea sana kwa wazazi wenye wasiwasi, na kwamba kule kuyaogopa na kuyachukia kunamtofautisha na mgonjwa wa hali ya tatu, anayeyaamini. Na katika Hadiyth iliyo katika Al-Bukhaariy na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametujulisha kuwa Allaah Ameusamehe Ummah huu yale ambayo nafsi zinajisemesha madhali hawajayatenda au kuyatamka. Hana dhambi kwa fikra aliyoichukia, wala kumweleza daktari ili atibiwe si kosa. Anatakiwa aeleze.

Ni shetani au ni maradhi?

Hili ndilo swali la kwanza katika nyumba nyingi. Muislamu anaamini kuwepo kwa majini, hasadi na jicho. Lakini kuamini hayo hakumaanishi kuwa kila mama asiyelala ana shetani. Mapema kabisa katika historia ya Uislamu, mwanachuoni Abu Zayd Al-Balkhiy, aliyefariki mwaka 934 Miladi, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi. Humo alieleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili, na akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Kwa hivyo kuyahesabu haya kuwa ni maradhi hakukutoka nje ya kwetu.

Ruqyah ya Qur-aan na Duaa zilizothibiti inajuzu madhali hamna ndani yake shirki, na hakuna daktari atakayeizuia. Mgonjwa asomewe, na wakati huo huo apelekwe hospitali. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu na kuwajulisha kuwa Allaah Hakuteremsha ugonjwa ila Ameuteremshia dawa. Ama kwenda kwa wapiga ramli, kuchinja kwa ajili ya mizimu, kumpiga mgonjwa au kumfunga kamba, hayo ni haramu na yanazidisha maradhi. Na mjamzito au anayenyonyesha asinyweshwe dawa za mitishamba zisizojulikana.

Matibabu yakoje?

Kwanza daktari hutafuta sababu za mwilini. Upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo baada ya kuzaa huleta uchovu na fadhaa zinazofanana na sonona, na yote mawili yana vipimo.

Pili ni mazungumzo. Huko Pakistan vijijini, karibu na Rawalpindi, wahudumu wa afya wa kike ambao si madaktari walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona, kukaa nao na kuzungumza kuhusu fikra zao, mapumziko yao na msaada wa watu wa nyumbani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, akina mama 23 katika kila 100 waliotembelewa hivyo ndio waliokuwa bado na sonona, ilhali kwa waliotembelewa bila ya mazungumzo hayo walikuwa 53 katika kila 100. Hii ni jamii ya Kiislamu, yenye familia kubwa na mavyaa ndani ya nyumba, kama yetu.

Tatu ni dawa, kwa wenye hali nzito. Zipo dawa za sonona ambazo mama anaweza kuzitumia huku ananyonyesha. Sertralini, kwa mfano, huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana. Lakini zipo nyengine, kama valproeti, ambazo humdhuru mtoto tumboni. Kwa hivyo mwanamke mwenye maradhi ya akili anayetaka kushika mimba amwone daktari kabla, na asikatishe dawa ghafla kwa uamuzi wake.

Wajibu wa mume na watu wa nyumbani

Katika Suratul-Baqarah, Aayah ya 233, Allaah Amempa baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na Akakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Usingizi ni katika mahitaji yake. Mume amchukue mtoto baada ya kunyonyeshwa ili mama alale saa nne au tano mfululizo. Mavyaa na mama mzazi, mnaomkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga, mna nafasi ambayo daktari hana. Katika Al-Bukhaariy, 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) amepokea kuwa talbiynah, uji mwepesi wa shayiri, hutuliza moyo wa mgonjwa na kupunguza baadhi ya huzuni. Mnapompa uji, kaeni naye na mumuulize mambo mawili: Katika wiki mbili hizi, umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Umekosa raha kwa mambo uliyokuwa ukiyapenda? Akijibu ndiyo, apelekwe kituo cha afya.

Hukumu kwa ufupi

Swalah: Nifasi haina muda mdogo kabisa uliowekwa. Damu ikikatika kabla ya siku 40, anaoga na kuswali. Katika madhehebu ya Shaafi'iy, muda wake wa kawaida ni siku 40 na mrefu kabisa ni siku 60. Akiwa katika nifasi haswali, lakini anaweza kuleta dhikri na Duaa, ikiwemo ile ya kujikinga na hamu na huzuni. Aliyeondokewa na akili kwa maradhi hana dhambi kwa Swalah zilizompita katika muda huo, kwani kalamu imeinuliwa kwake.

Funga: Mjamzito na anayenyonyesha akichelea nafsi yake au mtoto anafungua. Katika madhehebu ya Shaafi'iy, akichelea nafsi yake atalipa siku hizo tu. Akichelea mtoto peke yake, atalipa na kutoa fidia. Mgonjwa anayehitaji dawa mchana naye anafungua na kulipa baadaye.

Kumweleza daktari mambo ya ndani: Si kusengenya. An-Nawawiy ametaja kutafuta msaada wa kuondosha maovu miongoni mwa hali sita zinazoruhusu. Daktari wa kike ndiye bora. Asipopatikana, anaruhusiwa wa kiume kwa dharura, akiwa pamoja na mume au maharimu.

Kupandikiza mimba hospitali: Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu kwa haja mbegu ya mume na yai la mke walio katika ndoa, na kukataza kuingizwa mtu wa tatu.

Tunamuomba Allaah Awaruzuku wanaosubiri kizazi chema, Awafanyie wepesi wenye mimba, Awape shifaa wazazi wetu, na Atujaalie kuwa watu wa nyumbani wanaouliza kabla ya kulaumu. Aamiyn.

Wa-Allaahu A'lam.